Taa ya Kitanda cha Tatu

Walisema sitafika msimu wa kahawa. Wengine walisema nitafika, ila nitakuwa nimeuza sanduku la vifaa nipate nauli ya kurudi Mwanza. Mzee Karoli, ambaye upande wetu wa Kituntu ndiye peke yake aliyekuwa na lori, alisema neno lililonibandika jina hadi leo. Alikuwa ameketi juu ya magunia pale kwenye mizani ya kahawa. Akaniona napita na bahasha yangu kwapani, akawageukia wenzake.

"Diploma ya umeme, Karagwe hii? Ataunganisha migomba?"

Walicheka mpaka mmoja akateremka kwenye magunia. Tangu siku ile nikawa Bwana Diploma, na hata leo, nywele zimeisha, watoto wa shule wananisalimu hivyo: shikamoo Bwana Diploma. Naitikia marahaba. Jina walilonipa kwa kunicheka ni la kweli, na hakuna aliyewahi kuninyang'anya.

Ninyi mnaojifunza ufundi sasa, mnaotaka kila kitu kiwe ndani ya kasha na maelekezo yake, nisomeni polepole. Mimi nilisoma kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna mfadhili aliyeniandikia barua. Mchana nilibeba mizigo bandarini Mwanza, jioni nilikaa darasani nikinuka dagaa, na nilipomaliza nilikuwa mtu wa kwanza kutoka kijiji chetu kushika karatasi ya namna ile. Sijawahi kuonyeshwa waya nikashindwa kuusoma. Kama kuna fundi Karagwe au Kyerwa anayeweza kusema hivyo na asione haya, aje tukae naye.

Lakini wale wa kwenye magunia walikuwa na hoja, nakubali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita imepita, madukani hakuna kitu. Sabuni ilikuwa habari. Nguzo ya umeme kwetu hakuna. Nilirudi na mita ya kupimia, koleo mbili, chuma cha kulehemu cha kupasha kwenye mkaa, na kichwa kilichojaa michoro, nikaingia katika nyumba ya wazazi ambao wote wawili walizikwa nikiwa mbali. Dada zangu walishaolewa huko na huko. Migomba ilikuwa imesogea mpaka mlangoni.

Kwetu mgeni akiingia, kabla ya maneno, unamletea kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani, zikakaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Nyumba yangu haikuwa na wa kuchemsha. Mgeni wa kwanza nilimpa maji. Wa pili sikumpata. Nilikuwa nawasikia watu wakipita barabarani wakizungumza Kinyambo, wakifika usawa wa mlango wangu wananyamaza kidogo, halafu wanaendelea. Nilitengeneza tochi yangu mara nyingi kuliko ilivyoharibika.

Aliyebisha hodi akaingia bila kujali kikapu alikuwa mama Domitila, nesi mkunga wa zahanati ndogo iliyokuwa upande wa pili wa bonde. Mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, asiyependa maneno mengi. Aliketi juu ya sanduku langu la vifaa akaniambia shida yake.

Wodi yake ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kibanja cha migomba, na alikuwa peke yake kazini. Mwanamke akishikwa na uchungu, mama mkwe yuko pale pale mkekani, anamtazama mdomo. Mwanamke wa kwetu wa siku zile halii mbele ya mama mkwe. Halii, haiti mtu, hasemi imefika. Anabana meno. Anisia, mke wa mtoto mkubwa wa mzee Karoli, alikuwa amebana meno hivyo katika uzazi wake wa kwanza, hapo hapo kwenye kitanda cha tatu, kile cha dirishani. Nesi alipokuja kuitwa, mtoto alishatoka, kitovu kimemzunguka shingoni. Hakuwahi kulia.

"Sasa ana mimba nyingine," mama Domitila akasema. "Atakuja kwangu tena. Nataka aniite."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo kwa mtu wa kiwango changu. Kitufe kimoja kila kitanda, kengele moja nyumbani kwake. Akatikisa kichwa.

"Kengele peke yake haitoshi. Nikiingia nikauliza nani ananihitaji, wote wananyamaza. Nikiuliza mmoja mmoja, kila mmoja anasema ni mwenzake. Nataka nijue kabla sijaingia, ili nikiingia nisiulize. Nipite tu kama mtu aliyekuja kukunja shuka, nikasimame pale pale."

Basi nikamwambia: kengele moja na taa nne. Kengele imwamshe, taa imwonyeshe kitanda. Hapo akainuka, akaweka sharti la mwisho. Siku ikifanya kazi, nisije nikamtajia mtu yeyote ni kitanda gani kiliita. Nikitaja mara moja tu, hakuna mwanamke atakayebonyeza tena. Nikaahidi. Kuahidi kunyamaza ni rahisi wakati huna la kusema.

Vifaa vilikuwa havinunuliki, kwa hiyo niliazima. Mzee Karoli ndiye niliyemwendea kwanza, kwa sababu lori lake lilikuwa limesimama juu ya mawe, halina matairi, na betri yake ilikuwa inakaa bure. Alinisikiliza akitafuna buni zake.

"Betri nitakuazima, kwa ajili ya mke wa mwanangu. Sikupi, nakuazima. Na taa ndogo za mbele nitakuazima moja ya kujaribia. Nyingine nitazileta mwenyewe siku nikiona kitu kinasimama."

Waya ulitoka kwa Simeoni. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikuwa analima kwa watu, hodari na mwenye mizaha. Vita ilipopita iliacha waya mweusi wa simu za askari vichakani, na nusu ya kijiji ilikuwa inaanikia nguo juu yake. Simeoni alikuwa na bunda zima. Akaniambia mkewe atanilaani kila siku ya kufua, kwa hiyo niharakishe. Katekista, naye, alinipa kikombe cha kengele ya baiskeli yake. Kwa miezi mingi alipokuwa anateremka bondeni alikuwa anapiga kelele kwa mdomo: kling, kling, pisheni. Nilisuka koili mwenyewe, nikatengeneza nyundo ya kugonga kutokana na bati la kopo, na kengele ikawa inalia vizuri kuliko za dukani ambazo hazikuwepo.

Sasa sikilizeni sehemu ya kazi.

Kutoka kwenye betri nilipeleka waya wa chanya kwenye vitufe vyote vinne. Kila kitufe kikatoa waya wake wa kurudi nyumbani kwa nesi, ukaingia kwenye taa yake, juu ya ubao nilioutundika ukutani, na upande wa pili wa taa ukarudi kwenye hasi ya betri. Mpaka hapo kila taa ina njia yake. Lakini kengele ni moja, na inatakiwa ilie yeyote anayebonyeza. Nikazikusanya nyaya zote nne pamoja, nikazifunga kwenye kengele. Nikaijaribu. Nilikuwa na taa moja tu ya mzee Karoli, kwa hiyo niliiweka tundu la kwanza, nikamwomba mama Domitila abonyeze kitanda cha kwanza. Ikawaka, kengele ikalia. Nikaihamishia la pili, akabonyeza cha pili. Ikawaka. Hivyo hivyo mpaka la nne. Nikafuta mikono nikamwambia aite watu.

Kama umeshaona kosa, wewe ni fundi. Kama hujaona, endelea.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Mzee Karoli alikuja na taa zake tatu zimefungwa kwenye leso, akazikabidhi moja moja kama anayetoa mahari. Nikazipachika. Nikaomba abonyeze mwenyewe kitanda chochote. Akavuka kibanja taratibu, sisi tukasubiri mbele ya ubao. Kengele ikalia. Taa zikawaka.

Zote nne.

Alirudi, akatazama ubao, akabonyezewa tena ili aone kwa macho yake. Zote nne. Akavua kofia.

"Mama Domitila, pole na kazi. Leo wamezaa wote."

Hata katekista alicheka. Simeoni akauliza kama waya wake unaweza kurudi kuanikwa nguo wakati tunasubiri. Mama Domitila hakucheka. Alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, nikimbilie nani hapo? Watu waliondoka wakiwa na furaha, na nikabaki na ubao wangu.

Nilipokuwa Mwanza nilifundishwa kazi na fundi mmoja mzee, Magesa, mkali, aliyekuwa na tabia ya kukuzimia taa ukiwa katikati ya kulehemu ili aone kama unajua ulipofika. Alikuwa anasema mwanafunzi anauliza kwa nini haiwaki, fundi anauliza kwa nini inawaka. Nilikaa mbele ya ule ubao nikajiuliza swali la Magesa. Kwa nini taa ya kwanza inawaka, wakati aliyebonyeza ni wa tatu?

Nikaufuata umeme kwa kidole. Unatoka kitufe cha tatu, unawasha taa ya tatu, unakwenda kwenye kengele. Pale kwenye kengele unakuta zile nyaya nyingine tatu nilizozifunga pamoja kwa mikono yangu. Umeme hauna adabu ya kusema huku sikutumwa. Unapanda kwenye waya wa kitanda cha kwanza kinyumenyume, unaifikia taa yake, unaiwasha. Unafanya hivyo kwa zote. Nilipokuwa na taa moja, yale matundu mengine yalikuwa matupu, kwa hiyo zile njia za nyuma zilikuwepo lakini haziendi popote. Laiti ningeacha taa tundu la kwanza nikabonyeza kitanda cha pili, ningeliona siku ile ile. Shikeni hili: ukijaribu kazi, usijaribu tu kinachotakiwa kuwaka. Jaribu na kisichotakiwa.

Dawa yake naijua, iko kwenye diploma. Inaitwa dayodi. Ni kidude cheusi kidogo kama punje ya mtama mkubwa, kina miguu miwili, na upande mmoja kina mstari mweupe. Umeme ukija kutoka upande usio na mstari, unapita. Ukija kutoka upande wa mstari, umefungiwa mlango. Ukiweka moja kwenye kila waya kabla haujafika kwenye kengele, mstari ukiangalia kengele, kila kitufe kitaigonga kengele lakini hakuna umeme utakaotoka kengeleni kurudi kwenye taa ya jirani. Zinatakiwa nne. Kayanga nzima, mji wetu wa karibu, haikuwa nayo hata moja, na gari la Bukoba lilikuwa linakuja likijisikia. Tumbo la Anisia lilikuwa limeshuka.

Bibi Leokadia alikuwa mjane, jirani yangu wa mbali. Alikuwa na redio kubwa ya mbao, ya kutumia umeme wa ukutani, ambayo mwanawe aliinunua Kampala akaibeba mpaka kijijini kabla hajapotelea huko. Kwa kuwa umeme haukuwepo, redio ile haikuwahi kusema neno tangu iingie Karagwe. Ilikaa juu ya meza yake imefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliifuta vumbi kila asubuhi. Nilijua kwa hakika kilichomo ndani: redio ya aina ile, mahali umeme unapoingia, ina dayodi nne.

Nilimpelekea chumvi kidogo, nikapiga goti la heshima, nikamweleza. Akauliza nikitoa hivyo vidude, redio itakuwa na tatizo gani. Nikasema ukweli kwamba haitaweza kuimba.

"Haiimbi hata sasa."

"Ndiyo, bibi."

"Lakini sasa hivi inaweza." Aliinua kitambaa, akaipapasa ubavuni. "Mwanangu alisema, mama, siku umeme ukija utachomeka tu. Wewe unataka nibaki na sanduku."

Nikamwambia ni kwa ajili ya Anisia. Nikamwambia nitazirudisha. Akasema watu wa diploma wanaahidi vizuri, wamefundishwa. Lakini alikuwa amekaa kwenye ule mkeka siku ya uzazi wa kwanza wa Anisia, kama shangazi wa upande wa mume, na aliona yote. Akakunja kitambaa mara nne, akakiweka mapajani.

"Fungulia hapa hapa nikuone. Na usinirudishie nyingine. Nirudishie hizi hizi, nzima."

Nilifungua mbele yake. Nilipasha chuma kwenye jiko lake la mkaa. Ukichomoa dayodi, ushike mguu wake kwa koleo kati ya chuma na mwili, ili moto uishie kwenye koleo. Ikipata joto sana inakufa na haikuambii. Halafu pima: weka mita upande huu, geuza upande huu. Isome upande mmoja tu. Ikisoma pande zote mbili, imekufa. Isiposoma popote, imekufa pia. Zile nne zilikuwa nzima. Bibi aliniambia nizihesabu kwa sauti, nami nikazihesabu.

Kesho yake nilizilehemu kwenye ubao, na safari hii sikuita mtu. Nilibonyeza cha kwanza, nikavuka kibanja mbio. Mama Domitila, aliyesimama mbele ya ubao, akaniambia moja. Nikarudi nikabonyeza cha pili. Moja tu, yake. Tulifanya hivyo kwa vyote, kisha tukarudia tukitazama zilizotakiwa kubaki gizani. Zilibaki gizani.

Niruke mbele kidogo, kwa sababu kidude hiki kimenilisha maisha yangu yote. Miaka ya tisini, paneli za jua zilipoanza kuonekana, mwenye nyumba ya wageni Nkwenda aliniita analalamika ameuziwa betri mbovu. Jioni imejaa, alfajiri imekwisha, na anaapa wageni hawawashi taa. Fundi aliyetoka mbali, mwenye suruali ya mifuko mingi, alishambadilishia betri. Nilipanda juu ya bati, nikatazama paneli, nikashuka. Nikamwambia mchana paneli inailisha betri, usiku betri inailisha paneli. Nikaweka dayodi moja kwenye waya wa chanya, mstari ukiangalia betri. Asubuhi betri imejaa. Akaniuliza kwa mshangao nimetoa ugonjwa wote huo kwa kitu cha ukubwa ule? Nikamwambia hapana, nimeutoa kwa diploma. Alinipa chumba na matoke kwa nyama, na wageni walipita kunitazama. Usiku ule nilikuwa na watu wa kunisikiliza. Nimeusimulia mara nyingi, mtanisamehe.

Siku hizi paneli zinakuja na kiboksi chake, hiyo dayodi imo humo, na ninyi hamjui kama imo. Kifungueni kimoja kilichokufa. Mtaikuta.

Turudi kwenye kazi yangu kubwa, ambayo sikuwahi kuisimulia.

Ilikuwa mchana wa siku ya gulio, mvua inanyesha. Nilikuwa nyumbani kwa mama Domitila nasafisha vichwa vya betri. Yeye alikuwa anachambua maharage. Nilijua Anisia yuko wodini tangu asubuhi, na mama mkwe wake yuko mkekani. Vitanda vingine viwili vilikuwa na watu pia. Kengele ikalia mara moja, fupi, kama mtu aliyeigusa akaghairi. Taa ya tatu ikawaka, ikazimika. Mama Domitila aliacha ungo. Kengele ikalia tena, na safari hii haikuacha. Taa ya tatu ikawaka ikabaki inawaka. Nyingine tatu, giza.

Alinawa mikono, akachukua shuka safi mkononi, akatoka kwenye mvua kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuanua nguo.

Nilibaki na ile taa. Mwanamume haingii kule, na hata ningeingia, ningesema nimefuata nini? Nilijua kwamba ng'ambo ya migomba kuna kidole kimeshikilia kitufe changu, na hicho tu ndicho nilichokijua. Kengele ilikuwa inapiga kelele mpaka nikaishika nyundo yake kwa kidole ili nisikie. Sikusikia chochote ila mvua. Kisha taa ikazimika.

Vijana, nimefanya kazi kwenye mashine kubwa, nimepigwa shoti nikaanguka darini. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa taa ile ilipozimika. Ameachia kwa sababu nesi amefika, au ameachia? Hakuna mita ya kupima hilo. Nilikaa. Nikachambua yale maharage mpaka yakaisha, nikaanza kuyachambua upya.

Mama Domitila alirudi amelowa mpaka kwenye mifupa. Aliketi kwanza.

"Kitovu kilikuwa shingoni tena," akasema. "Nimekiwahi. Msichana. Analia kama anadai shamba."

Nikataka kusema. Nikataka kutoka mlangoni niupigie kelele Kituntu yote. Akanitazama tu, nikakumbuka sharti.

Mama mkwe alipotoka wodini aliwaambia watu kwamba nesi huyu ana bahati ya ajabu, alikuja kubadilisha shuka tu, akamkuta mtoto mlangoni. Habari ikazunguka hivyo. Mzee Karoli alimpa mama Domitila mkungu wa ndizi. Mimi aliniuliza betri yake haijambo.

Ikawa hivyo miaka yote. Kengele ilikuwa inalia, taa inawaka, na kila mwanamke aliyeulizwa nyumbani kama aliigusa alisema mimi? La, sikuigusa. Mama Domitila hakusema, nami sikusema. Pale kwenye mizani ya kahawa ilijulikana kwamba Bwana Diploma alitundika pambo ukutani kwa nesi. Leo ninaandika kwa sababu mzee Karoli na mkewe tumewazika, na Anisia mwenyewe, aliye na wajukuu, amekuja akaniambia sasa waambie.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Watu walikuwa wanakuja kwangu. Nilikuwa nimeazima vitu vyao, kwa hiyo waliazimia kunifuata. Mzee Karoli alipita kuulizia betri kama anayeulizia ndama, kwa sababu nilikuwa naipeleka Kayanga kwenye mashine ya kusaga kuchajiwa, na njiani nailaza kwangu. Simeoni alikuja kuniambia mkewe amesema nini juu ya waya wiki hii. Katekista alikuja kuona kama kikombe chake kimeshika kutu. Bibi Leokadia alikuja na fimbo yake kuniuliza zile nne zimo? Zimo, bibi. Nilijifunza kuchemsha kahawa ya kutafuna. Nilinunua kikapu chenye kifuniko. Walikuwa wanakaa, wananicheka, wanatafuna, wanaondoka giza likianza kuingia. Nilikuwa nadaiwa na kijiji, na nyumba ilikuwa na sauti.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, zahanati ikapata paneli, betri yake mpya, kengele ya kiwandani na nyaya za rangi. Nilizifunga mwenyewe, na dayodi mpya, nilizoletewa kutoka Mwanza kwenye pakiti. Vya watu vikawa havina kazi tena. Nikaamua kuvirudisha vyote siku moja, nivae shati jeupe, wanione.

Simeoni alipokea bunda lake la waya akaliangalia, akasema mkewe sasa atatafuta kosa lingine. Katekista alifunga kikombe kwenye baiskeli papo hapo, akagonga kling, akashangaa mdomo wake ulivyotaka kusaidia. Kwa bibi Leokadia nilikaa zaidi. Nililehemu zile nne mahali pake, zile zile, akizihesabu yeye. Nikarudisha kifuniko cha mbao. Akakunjua kitambaa, akakilaza juu, akakinyoosha pembe zote.

"Sasa inaweza," akasema. Umeme ulikuwa bado haujafika. Hakuniomba nirudi.

Mzee Karoli alikuwa wa mwisho. Nilimpelekea taa zake nne kwenye leso ile ile, na betri. Ya kwake ilishakufa zamani, kwa hiyo nilimpa nyingine nzima, kubwa kuliko ile. Aliketi uani kwake na wazee wawili. Anisia akaleta kikapu cha kahawa, akamkaribia baba mkwe kwanza, halafu wageni, mimi mwishoni. Msichana wake alipita na sare ya shule, akatusalimu kwa magoti, akakimbia. Sauti kubwa, yule mtoto.

Mzee Karoli akazigeuzageuza taa, akawaambia wenzake mimi nikisikia.

"Waitu, ndugu zangu, huyu ni mwaminifu, tusimseme vibaya. Karudisha vyote. Ila betri yangu imekaa kule miaka yote ile, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyewahi kuligusa hilo dude. Nimewauliza wote wa nyumba hii." Akanigeukia kwa wema kabisa. "Usijali, Diploma. Ulijaribu."

Anisia alikuwa amesimama mbele yangu, kikapu mkononi, macho chini.

Mnanijua nilivyo. Tangu mwanzo wa maandishi haya mmeona mdomo wangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Nilijaribu."

Anisia akafungua kikapu tena, akanijazia kiganja mara ya pili, ingawa mgeni hupewa mara moja. Mzee Karoli akasema basi, sasa hatudaiani. Tukapeana mikono.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, isipokuwa zile buni. Mezani palikuwa na alama ya mraba ambapo betri ilikuwa inalala. Hapakuwa na kitu cha mtu ndani ya nyumba ile, na hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kupita. Nikafungua mlango wa mbele nikauacha wazi, nikakaa. Nikaanza kuzitafuna moja moja, taratibu, zichelewe kuisha.